Siku saba chini ya jani la mbuche

Hii ni wiki ya pili tangu nirudi Muheza. Daftari lililowa mvua ya Göttingen, Ujerumani, kurasa nne zikashikana, kwa hiyo kuna mahali nimejazia kwa kuangalia saa za picha kwenye simu. Bei ni za Agosti 2025, na euro moja nilikuwa naihesabu kwa karibu shilingi 2,900.

Chanzo chenyewe kinanitia aibu kidogo. Nilikuwa Frankfurt kwa mafunzo ya afya ya mimea. Siku moja mkufunzi akaonyesha ukutani picha ya kidudu chembamba, cheupe kinachoelekea njano, kimetulia chini ya jani. Akauliza: nani huyu? Mimi, mtu wa mahindi na pamba, mkono ukaitangulia akili. "Empoasca!" Yaani yule mfyonzaji wetu wa pamba. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema, rangi. Hakuna aliyecheka, lakini mkufunzi alitabasamu kama mtu aliyetega mtego jioni akamkuta kanga asubuhi. Jani lile lilikuwa la Fagus sylvatica, mti wa misitu ya Ulaya, na mti huo una vidudu vyake wenyewe.

Vidudu vya namna hii wakulima wa pamba wanaviita chawajani. Si chawa: ni vidudu vya kufyonza, jamaa wa mbali wa nyenje, wana safu za miiba kwenye miguu ya nyuma, na ukiwagusa wanaruka kama cheche. Mti wenyewe sijausikia ukiwa na jina la Kiswahili. Wajerumani wanauita Buche, basi mimi hapa nitauita mbuche, wingi mibuche. Mwenye jina zuri zaidi alete.

Mafunzo yakaisha Ijumaa. Ndege yangu ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, nami nina binamu muuguzi Eisenach, mtoto wa shangazi. Nikaamua siku hizo nikawatafute hao chawajani wa mbuche, niwajue kwa majina.

Jumamosi, 23 Agosti: Frankfurt – Fulda – Bebra – Eisenach

Tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, Deutschlandticket, ilikuwa euro 58. Unapanda nayo treni za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima, ila treni za kasi hapana. Binamu alininunulia kwa kadi yake tangu mwanzo wa mwezi. Ni tiketi ya kujiunga, si ya kununua mara moja: usipoisitisha kabla ya tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena. Nitarudi kwenye jambo hili.

Treni ya kwanza ilifika Fulda vizuri. Bebra tukakaa dakika hamsini, hitilafu ya njia. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili aliniona nikipekua simu kwa wasiwasi, akachukua kalamu akaniandikia kwenye ganda la biskuti: saa, namba ya jukwaa, jina la kituo cha kushukia. Ganda hilo nimelibandika daftarini.

Jioni ugali. Binamu anaagiza unga kutoka duka la Waafrika mjini Frankfurt, kilo anailipia bei ambayo nyumbani ungepata debe. "Kaka, kula, usihesabu," akasema. Nikala, huku nahesabu.

Kabla ya kulala nikatoka na tochi. Nyumba ya jirani imezungushiwa ua wa mibuche. Sisi ua ni michongoma. Wenzetu wanapanda mti ambao ukiachwa unafika mita thelathini na zaidi, wanaukata kila mwaka mpaka unakuwa ukuta unaofika kifuani. Nikageuza jani moja. Vidudu vitatu vyeupe vikaondoka kiubavuubavu, kama kaa, vikazunguka ukingo na kuhamia upande wa pili.

Jumapili, 24 Agosti: Uani kwa jirani

Jumapili maduka yamefungwa. Nunua mkate Jumamosi au utakula ugali asubuhi kama mimi. Lakini Jumapili pia mashine za kelele haziruhusiwi, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Jirani, mzee mwenye kofia ya majani, alikuwa ameshatoa mashine ya kukatia ua, ameiweka tayari kwa Jumatatu. Binamu akamweleza shida yangu kwa Kijerumani. Mzee akaniangalia mimi, akauangalia ua, akauliza swali moja. Binamu akatafsiri huku anajizuia kucheka: "Anauliza, kwani Afrika hamna?"

Ruhusa nikapata mpaka Jumatatu asubuhi.

Vifaa vyangu: mwavuli mweupe uliogeuzwa juu chini, fimbo, lenzi ya mkono inayokuza mara 20 (euro 35, Frankfurt), vichupa vya spiriti, na kifyonzeo cha kujitengenezea, yaani chupa ndogo yenye mirija miwili. Mmoja unauelekeza kwa mdudu, mwingine unauvuta kwa mdomo, na kitambaa katikati ili usimmeze. Unapiga tawi mara moja tu, kwa mshtuko. Ukipiga mara ya pili umechelewa, wameshapaa.

Jinsi ya kuwagundua bila kupiga chochote: angalia uso wa juu wa jani. Ukiona vidoa vyeupe vidogo vidogo, kama mtu amenyunyiza chumvi, ligeuze. Kila kidoa ni seli zilizofyonzwa. Chawajani wa kundi hili, Typhlocybinae, hutoboa tabaka la katikati la jani na kukomba yaliyomo selini. Cicadulina wetu wa mahindi yeye huchoma mpaka kwenye mishipa inayopitisha chakula, ndiyo maana anaeneza virusi vya milia. Habari hiyo kwa sisi watu wa Muheza ni ya nyumbani kabisa: ni huko juu kwenye kituo cha utafiti cha Amani, miaka ya 1930, mtafiti H. H. Storey alipoonyesha kwamba chawajani asiyeweza kueneza virusi ukimtoboa utumbo kwa sindano anaweza. Nimepita mbele ya majengo yale mara ngapi na pikipiki! Ajabu yangu ni kwamba ilibidi nifike Eisenach ndipo nikae chini niulize tofauti ya mdomo na mdomo.

Mpaka saa kumi nilikuwa na wadudu wazima, waliokwisha kukua, kumi na wanane. Urefu milimita tatu na nusu hivi. Wengi weupe wa maziwa wenye unjano. Wawili walikuwa na wekundu wa kahawia mabawani. Nikawapanga kwenye daftari kama aina mbili. Kosa. Fagocyba cruenta, mwenyeji mkuu wa mbuche, ana rangi zote hizo. Mtaalamu wa wadudu Herrich-Schäffer alipompa jina mwaka 1838 alichagua neno la Kilatini la damu, lakini wengi utakaowaona hawana hata tone.

Nao wako wengine wanaokaa humohumo: jamii ya Edwardsiana, weupe-njano vilevile, ukubwa uleule. Na kwenye mwaloni yuko ndugu, Fagocyba carri, ambaye kwa sura ya nje huwezi kumtenga na huyu.

Nikawageuza kifudifudi kwa chali, mmoja mmoja, chini ya lenzi. Jike ana ala ndefu nyembamba mwisho wa tumbo, inayohifadhi msumeno wa kutagia. Dume ana vibamba viwili vimejikunja kwenda juu kama ncha ya mtumbwi. Hesabu: majike kumi na saba, dume mmoja. Mwisho wa kiangazi madume wengi wameshakufa, nami nimekuja mwisho wa kiangazi. Na vitabu vyote vinatambua kwa dume.

Jumatatu, 25 Agosti: Hainich

Treni Eisenach mpaka Gotha, nyingine mpaka Bad Langensalza, kisha basi la kupanda Thiemsburg. Angalieni ratiba ya basi kabla hata ya kunywa chai. Mimi nililikosa la kwanza kwa dakika mbili. Dereva wa gari la mikate aliyekuwa anapakia pale stendi akanipa andazi lao lenye plamu juu, yale matunda ya zambarau kama zambarau zetu ila makubwa. Sijui aliona nini usoni mwangu. Pesa alikataa.

Hainich ni hifadhi ya taifa tangu mwisho wa 1997. Zamani sehemu kubwa ilikuwa uwanja wa mazoezi ya kijeshi, watu hawakuingia kukata miti, na msitu ukapata nafasi. Mwaka 2011 uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na misitu mingine minne ya mibuche ya Ujerumani. Ukiwa chini, ni kama kuingia msikitini mchana: nguzo za kijivu laini, kivuli, ubaridi, na karibu hakuna kichaka. Mibuche haiwaachii wengine jua.

Kilichonipeleka ni njia ya juu ya miti, iliyofunguliwa 2005, daraja la kuzunguka kwenye vilele na mnara wa mita 44. Kiingilio kipo. Watu wanapanda kwa ajili ya mandhari. Mimi nilipanda kwa ajili ya majani. Chini ya msitu majani ni mapana na membamba kama karatasi ya sigara. Juu ni madogo, magumu, yamekunjamana kidogo. Mtu anayepiga matawi ya chini tu anakutana na nusu ya habari.

Ndani ya hifadhi ya taifa hukusanyi hata mmoja bila kibali. Mwavuli niliuacha kabatini kwa binamu. Nilikuwa na lenzi na simu, nikageuza majani yaliyofikika kutoka kwenye reli, nikayarudisha. Familia nzima ya Waholanzi ilisimama nyuma yangu ikidhani kuna ndege. Nilipowaonyesha, mtoto wao wa miaka minane hivi ndiye aliyekuwa na macho: akaona maganda meupe ya tunutu, yaani wadudu wachanga, yaliyobaki yamenata chini ya jani, akayahesabu matano. Maganda hayo yana thamani kuliko anavyodhani. Mzima anaweza kupeperushwa kutoka mti wowote akatua hapa kupumzika. Tunutu hana mabawa, aliyekulia hapa amekula hapa.

Dakika kumi baadaye ushahidi ukajileta: kidudu cheupe chenye madoa mekundu ya chungwa yaliyopangika mabawani, juu ya jani la mbuche. Typhlocyba quercus. Huyu mmoja rangi yake inatosha, na kwao ni mwaloni. Mgeni kama mimi.

Mengine ya jani la mbuche ambayo si kazi ya chawajani, msiyachanganye: matundu ya mviringo kama ya risasi na ukingo uliokauka kahawia ni ya fukusi mdogo, Orchestes fagi, pamba nyeupe ya nta chini ya jani ni kidukari Phyllaphis, vibanda vilivyochongoka juu ya jani ni nyumba za kijinzi Mikiola.

Kagueni miguu mkitoka. Kupe wa huko hueneza ugonjwa wa Lyme. Mimi nilimtoa mmoja nyuma ya goti, mdogo kuliko mbegu ya ufuta.

Nilirudi jioni nikakuta ua wa jirani umenyooshwa kama kinyozi ameupitia. Moyo ukanipiga. Kisha nikaona mlangoni mfuko mkubwa wa karatasi, umefungwa kwa kamba, umejaa vipande vya matawi. Mzee alikuwa ameniwekea. Wazima walikuwa wamesharuka, lakini tunutu watano walikuwa bado wameng'ang'ania.

Jumanne, 26 Agosti

Mvua kutwa. Nilifua.

Jumatano, 27 Agosti: Göttingen, meza ya jikoni

Eisenach, Gotha, kisha treni moja kupitia Mühlhausen na Leinefelde mpaka Göttingen. Döner kituoni euro 7.50, niliuliza nyama gani, akasema kuku, nikala kwa amani. Kitanda kwenye chumba cha watu sita, euro 38.

Mkufunzi, pamoja na tabasamu lake, alikuwa amenipa barua pepe ya mzee mmoja mstaafu anayewajua wadudu hawa kuliko anavyowajua majirani. Nilitegemea maabara. Nikafunguliwa mlango wa jikoni: hadubini pembeni ya birika, vitambaa vya sahani, redio. Mkewe akanikaribisha keki ya plamu kabla sijasema jina langu. Nilimwita "mzee wangu" kwa Kiswahili, nikaeleza maana, akalipenda, siku mbili zote akawa anajitambulisha hivyo kwa simu.

Akaanza na daftari, si vichupa. Akasoma ukurasa wa "aina mbili". Akachukua penseli, akachora mstari mwembamba kuunganisha safu zote mbili, akaandika: *Baum?* Mti upi? Nilikuwa nimeandika rangi, urefu, saa, hali ya hewa. Mti nilidhani unajulikana.

Kisha dume wangu wa pekee. Utaratibu ni huu. Unakata ncha ya tumbo kwa sindano. Unaitumbukiza kwenye hidroksidi ya potasiamu ya asilimia kumi, moto wa wastani, mpaka nyama ziyeyuke libaki ganda angavu. Dawa hiyo inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo miwani, na keki ihamishwe. Unasuuza kwa maji, unaweka kwenye tone la gliserini juu ya kioo, kisha kwa sindano mbili unavuta polepole mpaka kiungo cha kiume kitoke peke yake. Ni kitu kidogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi hii. Nchani kina vimatawi. Idadi yake, urefu na vinakoelekea, ndilo jina la mdudu.

Mzee aliangalia kwa muda mrefu. Akanipisha. Nikaona kitu kilichosinyaa, vimatawi havieleweki. Akarudi kwenye ganda la mdudu, akaligeuza, akanionyesha ubavuni alama nilipokuwa nimeona "uchafu": palikuwa na mfuko. Kinyigu wa jamii ya Dryinidae, pengine Aphelopus, alimtagia. Funza hukua na mfuko wake umechomoza nje ya tumbo kama kibuyu. Mwenye kubeba mzigo huo hukua na viungo vya uzazi vilivyoharibika. Kwa hiyo dume wangu mmoja kati ya kumi na wanane alikuwa hasomeki.

"Kesho," akasema mzee, "tunapanda."

Alhamisi, 28 Agosti: Msitu wa mji

Tulikwenda kwa basi mpaka ukingo wa msitu juu ya Göttingen, nje ya eneo lolote lenye ulinzi. Hilo alilikagua kwenye ramani mara mbili. Mibuche juu ya chokaa. Mzee ana miaka sabini na zaidi na ana fimbo ya kupigia yenye urefu wa mita nne, zamani ilikuwa ya kuvulia samaki. Alichagua matawi ya upande wa kusini yanayopigwa na jua. "Madume wa mwisho wako kivulini," akasema baada ya saa nzima ya kukosa, kana kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo, tukahamia kaskazini.

Mvua ikaanza saa sita. Ndiyo iliyokula daftari. Tuliingia chini ya mti mkubwa, na mti huo hauvuji kwa robo saa ya kwanza. Maji yanateremka kwenye shina kama mfereji. Mwavuli wangu mweupe hatukuufungua kama mwavuli. Tuliushika umegeuka vilevile, tukapiga tawi moja la juu yetu, kwa mazoea tu.

Wanne. Nikavuta kwa kifyonzeo huku kofia inanichuruzikia. Lenzi: jike, jike, dume, dume.

Jikoni, usiku, wa kwanza nilimtayarisha mimi. Mikono ilitetemeka, nikampoteza kwenye gliserini kwa dakika ishirini. Mke wa mzee ndiye aliyemwona, amenata kwenye sindano. Safari hii vimatawi vilisimama wazi, vikalingana na mchoro. Wa pili vilevile. Fagocyba cruenta, madume wawili, mmoja mweupe na mmoja wa kahawia nyekundu.

Wale majike kumi na saba wa Eisenach? Mzee aliandika lebo mwenyewe: "Fagocyba, jike, kwenye Fagus, uani." Nikamwomba aongeze cruenta, si iko wazi? Akanyamaza, akachonga penseli.

Ijumaa, 29 Agosti: Göttingen – Kassel – Frankfurt

Treni mbili, hazikuchelewa, nililala. Vichupa vyote nilimwachia mzee. Spiriti kwenye ndege ni usumbufu, na mimi ni mtu ninayewazuia wengine kuingiza wadudu bandarini; nisingependa kuanza kujieleza mwenyewe. Tunutu watano nao walibaki kwenye jani ndani ya chupa, dirishani pake. Ameniandikia juzi: mmoja amekuwa mzima. Jike.

Kwa atakayefuata: nendeni Juni au Julai, madume wapo. Andikeni mti kabla ya rangi. Pigeni picha kabla ya spiriti, kwa kuwa spiriti inafuta unjano. Na ombeni ruhusa ya ua wa mtu. Ua mmoja wa mibuche ulinipa wadudu wengi kuliko msitu mzima.

Mkufunzi nimemwandikia kwamba ile picha yake haina jibu: imepigwa kutoka juu, jinsia haionekani, mwisho wake ni Typhlocybinae kwenye mbuche. Bado hajajibu.

Aliyejibu ni benki ya binamu. Ile tarehe 10 tulikuwa tumeisahau wote wawili, Septemba wakakata euro 58 nyingine. Amesema pesa hataki. Anataka korosho kilo mbili na dagaa, na dagaa wasiwe wa Mwanza.